Mikono Itafuata Ijumaa

Jumatatu ya tatu ya Januari, mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, saa nne asubuhi, gurudumu la nyuma la baiskeli ya Mzee Njenga lilichomwa na mwiba wa mti wa mathenge mbele ya kibanda cha chai cha Mama Abuk, pale kambini Kakuma. Mzee hakulaani. Aliipindua baiskeli miguu juu, akachomoa tyubu, akaomba beseni la maji. Mama Abuk, ambaye jina lake la kwenye kadi ni Agot, alimwaga maji ya kuoshea vikombe, akateka mengine, akampa. Mzee akaizamisha tyubu na kuizungusha polepole, akitafuta mapovu.

Njenga alikuwa mstaafu wa posta kutoka Nyahururu, mtu wa miaka sitini na sita, miguu imekauka kama fito. Tangu astaafu hakukaa nyumbani mwezi mzima. Alikuwa na utaratibu wake wa kutembea. Penye malori mengi au baridi ya kuua, alipanda ndege au treni, na baiskeli ikafunguliwa vipande ikalala kwenye boksi. Penye barabara tupu, aliifunga upya akaendesha. Hivyo ndivyo alivyoruka kutoka Nairobi mpaka Lodwar, akaendesha siku mbili mpaka Kakuma. Sasa alitaka kurudi Lodwar kwa basi, aruke mpaka Nairobi Jumatano, adandie treni ya jioni ya Mombasa, halafu aendeshe kwenda Malindi akipigwa na upepo wa bahari.

Alimweleza Agot haya yote huku akikwaruza tyubu kwa msasa, maana watu wa namna yake hupenda kueleza.

"Na polisi wa barabarani?" Agot akauliza.

"Wananiuliza kitambulisho, ninawaonyesha."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli itaulizwa nini, mama? Ikishafunguliwa ikaingia kwa boksi, huo ni mzigo."

"Haina kibali?"

"Kibali ni ya watu."

Agot akammiminia chai ya pili ambayo hakuiomba, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa.

Shida yake ilikuwa hii. Miaka saba nyuma, siku walipofika kutoka Sudan na kuandikishwa, Agot alikuwa amelazwa kliniki na malaria. Binti yake Abuk, mtoto wa miaka miwili, alikuwa kwenye foleni ameshikwa mkono na Nyandeng, wifi wa Agot. Karani alihesabu mikono iliyoshikana, akamwandika mtoto kwenye kadi ya chakula ya Nyandeng. Agot alipopona alikuta hivyo, akaacha hivyo. Kila mtu kambini huacha hivyo. Ukiomba kadi irekebishwe, chakula kinasimama miezi miwili mpaka karatasi irudi, na mtoto hali karatasi. Abuk alilala kwa mama yake, alikula kwa mama yake, na kwenye kadi alikuwa wa shangazi.

Sasa faili ya Nyandeng ilikuwa imepita. Alikuwa anapelekwa kuishi nchi ya baridi, ng'ambo, yeye na wote walioandikwa kwenye kadi yake. Jina moja likibaki, faili nzima inarudi chini ya rundo. Kwa hiyo Nyandeng alimchukua Abuk, na tangu wiki iliyopita walikuwa kwenye hosteli ya wasafiri Nairobi. Ndege yao ilikuwa Alhamisi usiku. Agot alikwenda ofisini Kakuma kusema kwamba mtoto ni wake. Walimsikiliza vizuri, wakampa kiti. Walisema kuna fomu ya kurekebisha, inataka dole gumba la mama tu, lakini faili ikishakwenda Nairobi, fomu inajazwa Nairobi. Na kwenda Nairobi kunahitaji kibali cha kutoka kambini, nacho hutolewa kwa ugonjwa, shule au kuitwa mahojiano. Yeye hakuwa mgonjwa wala mwanafunzi, na hakuna aliyemwita.

"Mzee," Agot akasema, "hiyo boksi yako ni kubwa?"

Njenga alipuliza gundi ikauke. Alimtazama toka kichwani mpaka miguuni kwa jicho la posta, lililopima vifurushi miaka thelathini na moja.

"Nitaunganisha katoni mbili za friji," alisema. "Utatosha."

Fundi Lokeno alikuwa na banda lake Kakuma mjini, chini ya bati la madebe yaliyonyooshwa. Walimfikia Jumanne asubuhi.

"Ejok, fundi," Njenga akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi. Ni baiskeli?"

"Baiskeli na mama," alisema Njenga. "Boksi moja."

Lokeno alimzunguka Agot mara moja, akambonyeza bega.

"Umewahi kufungua mtu?" Agot akauliza.

"Watatu. Wawili walifungwa huko mbele wakawa sawa kabisa, hata mmoja anacheza mpira."

"Na wa tatu?"

"Huyo alifungwa na mjinga." Lokeno alichukua spana, akaigonga kwenye pedali ya baiskeli. "Mzee, wewe unajua hii. Upande ya kulia inakaza kama skrubu yote. Upande ya kushoto ni kinyume. Mtu ni hivyo hivyo. Ukilazimisha mguu ya kushoto kama ya kulia, unakula meno yake ya skrubu, na hakuna duka ya kuuza mengine."

"Nimefungua pedali nikiwa na miaka kumi," alisema Njenga. "Unanifundisha?"

"Nakukumbusha tu. Wazee wa Nyahururu wanasahau."

Kazi ilichukua muda wa kuchemsha maharagwe. Kwanza baiskeli: magurudumu, pedali, usukani, kiti. Kiti kilikuwa cha ngozi, kimekalika mpaka kimechukua umbo la mzee. Halafu Agot. Hakukuwa na damu, ni vumbi kidogo tu lililotoka kwenye magoti. Lokeno alipaka grisi kila penye meno, akafunga miguu kwenye fremu kwa vipande vya tyubu, akalaza mikono pembeni, akaweka kiwiliwili kati ya magurudumu ili spoki zisipinde. Kichwa alikizungushia leso ya Agot mwenyewe na kukilaza juu, uso kwenye mfuniko, karibu na tundu la kupumulia. Nati na gololi zote zilitiwa katika kopo la maziwa ya unga.

"Unasikia joto?" Lokeno akauliza.

"Kidogo."

"Basi itatembea, utapata upepo."

Njenga akaandika ubavuni mwa boksi kwa kalamu nene: UPANDE HUU JUU. Maandishi yake yalikuwa mazuri sana.

Basi liliondoka saa saba na boksi likiwa juu ya paa, kati ya magunia ya mkaa na mbuzi wawili. Kizuizini nje ya Kakuma polisi alipanda ngazi, akagonga boksi.

"Kuna nini hapa?"

"Baiskeli na mama mmoja amefunguliwa," Njenga akajibu kutoka dirishani.

Polisi akateremka, akamtaka Njenga kitambulisho, akakigeuza, akamrudishia. Vijana wawili wa Kisomali waliokuwa wameketi viti vya nyuma, wazima, bila vibali, walishushwa. Agot alisikia mmoja wao akibembeleza, halafu injini ikameza sauti yake. Kilomita mia na ishirini zilizobaki zilikuwa mashimo matupu. Kila shimo nati zililia kwenye kopo, naye akazihesabu akili isimtoroke.

Uwanja wa ndege wa Lodwar asubuhi ya Jumatano ulikuwa umejaa. Tangu mafuta yapatikane mwaka uliopita, ndege zilijaa wanaume wenye buti na masanduku ya vyuma, na karani wa mizigo, kijana wa Kikalenjin aitwaye Kipkemboi, alikuwa amebanwa. Zamani, mzigo ulipozidi, alifumba jicho. Sasa hakuwa na jicho la kufumba.

Mizani ilisema kilo sitini na saba.

"Boksi moja, mwisho ni sitini," alisema Kipkemboi. "Kuna nini ndani, mzee?"

"Baiskeli, vitu vyangu, na mama wa Kakuma."

"Amefunguliwa?"

"Kabisa."

"Sawa. Angekuwa mzima ningetaka kitambulisho na kiti, na viti vimeisha. Lakini saba lazima zitoke."

Njenga alikata kamba, akainua mfuniko. Agot akaona anga, na uso wa mzee ukiwa umepinduka.

"Tumezidi, mama."

Alitoa pampu, jiko la gesi na chupa za maji. Kilo mbili na nusu. Alitoa mkoba wa mawe aliyookota ufukweni mwa ziwa kabla ya kuja Kakuma, yale meusi yenye tumbo laini, akaupima mkononi, akaurudisha.

"Acha mawe," Agot akasema.

"Hayo ni ya wajukuu. Nimewaahidi."

"Basi kiti."

"Kiti hiki nimekikalia miaka kumi na tisa, mama. Kikipotea hapa, nani atanikalia kingine mpaka kiwe hivi?" Alisema kwa upole, kama anayemweleza mteja kwa nini barua yake imechelewa. Kisha akachomoa mikono ya Agot, yote miwili, akaiweka kwenye mizani midogo ya kupimia vifurushi. Ilikuja kilo nne na nusu kamili. Njenga akatabasamu. Hesabu iliyokaa sawa ilimfurahisha maisha yake yote.

"Mzee, mikono ndiyo naendea," Agot akasema. "Fomu inataka dole."

"Itakufuata. Kijana, ndege nyingine ni lini?"

"Ijumaa," Kipkemboi akasema. "Nitaiandikia tiketi ya mzigo."

"Mtoto anaondoka Alhamisi."

"Ijumaa na Alhamisi ni jirani," alisema Njenga. "Ukifika, waeleze. Watu wa ofisi wanaelewa wakielezwa."

Agot alitaka kuushika mfuniko. Mikono juu ya mizani ilifungua vidole, ikafumba. Halafu giza.

Ndege ilitua Nairobi saa nane. Teksi, foleni, teksi tena, na ilipofika saa kumi na mbili na robo walikuwa kwenye jukwaa la stesheni ya reli, boksi limelazwa karibu na behewa la mizigo. Treni ya Mombasa ilikuwa imeshasimama, inatoa harufu ya choo na ya rangi. Njenga alikuwa amepata kitanda cha daraja la pili. Baiskeli haikuwa na haja ya kufungwa mpaka Mombasa, kwa hiyo alimtoa Agot peke yake, akamketisha akiegemea nguzo, akapiga magoti na spana.

Kichwa kilikaa vizuri. Mguu wa kulia ulikaa vizuri. Alipochukua wa kushoto, kondakta alipuliza kipenga cha kwanza, na mkono wa mzee ukafanya kile ambacho mkono hufanya ukiwa na haraka: ukazungusha kama kawaida.

"Mzee, ni kinyume," Agot akasema.

"Najua."

Kulitokea mlio kama wa mtu anayetafuna mchanga. Njenga aliinama kutazama. Meno yalikuwa yamelika.

"Umeshika," alisema. "Utacheza kidogo, lakini umeshika. Usiukanyagie kwa nguvu."

Alifunga boksi upya, akawakabidhi wapagazi. Kisha, maana hakuwa mtu mbaya, alimtilia Agot ndizi mbili kwenye mfuko wa gauni na karatasi yenye namba ya simu ya Kipkemboi. Alipanda. Treni ilipoanza kusogea alimpungia mkono dirishani, akangoja kidogo apungiwe, halafu akakumbuka, akacheka, akaketi.

Agot alianza kutembea kulipokucha. Kutoka stesheni mpaka hosteli ni mwendo wa saa moja kwa mwenye miguu miwili. Yeye alifika saa saba mchana, akiuburuza wa kushoto. Njiani fundi viatu alimwita.

"We mama, huo mguu umekula meno!"

"Najua."

"Nani alikufunga?"

"Mtu wa posta."

"Unaona sasa," alisema fundi, akarudi kwa kiatu chake.

Hosteli ilikuwa na ua wa saruji na mabenchi. Wasafiri waliketi kwa safu, kila familia na begi lake la plastiki jeupe lenye karatasi, limening'inizwa shingoni. Abuk alikuwa benchi la tatu, amevaa sweta la buluu refu kuliko mikono yake. Alimwona mama yake, akasimama, akaangalia kushoto na kulia kama kuna ruhusa, akaja.

"Mama, mikono yako iko wapi?"

"Lodwar."

"Itakuja?"

"Ijumaa."

Abuk alifikiri. "Sisi tunaenda leo."

"Najua. Nikune pua."

Mtoto akamkuna pua, kwanza juu, halafu pale pembeni palipokuwa panawasha tangu Kakuma. Kisha akaona ndizi, akazitoa mfukoni, akamenya moja, akamlisha mama yake nusu, nyingine akala.

Nyandeng alikuja kutoka bafuni na taulo kichwani. Alimtazama wifi yake, halafu akaketi.

"Usinichukie, wifi. Siyo mimi. Ni faili."

"Iambie faili ni wangu."

"Nimekaa foleni miaka saba. Nina watoto wanne nyuma yangu. Nikiiambia, nani anarudi Kakuma? Sote." Akavuta shali, akamfunika Agot mabega yaliyokuwa wazi. "Nitamlea vizuri. Hilo unajua."

Agot alijua, na hiyo ilikuwa sehemu mbaya kuliko zote.

Ofisa wa hosteli aliitwa Chelangat, mwanamke wa miwani, mwenye sauti ya kanisani. Alimsikiliza Agot mpaka mwisho. Alitoa fomu, ile ile, ukurasa mmoja, akaijaza kwa mwandiko wake mwenyewe: jina la mama, jina la mtoto, sababu. Ilichukua dakika nne. Akaisukuma mbele pamoja na kidau cha wino.

"Hapa tu, mama. Dole gumba."

"Liko Lodwar."

"Aa." Chelangat alivua miwani. "Linakuja?"

"Kesho."

"Basi la uwanja wa ndege linaondoka saa kumi na moja leo."

"Nina la mguu." Agot aliuinua mguu wa kulia juu ya kiti, kidole kikubwa kikiwa na vumbi la Nairobi nzima.

Chelangat alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Aliufungua mwongozo, akasoma kwa kufuata na kalamu, akapiga simu ghorofani, akangoja, akasema ndiyo, ndiyo, hapana, wa kulia, ndiyo, nimeelewa. Akaweka simu.

"Wangekubali kama ungekuwa umezaliwa bila mikono. Lakini wewe mikono unayo."

"Mtoto mwenyewe yuko hapo. Muulize mimi ni nani."

"Nikiangalia tu nimejua, mama," alisema Chelangat. "Pua ni ile ile. Lakini siwezi kuweka pua kwenye faili."

Saa kumi na moja basi lilipakia. Walihesabiwa mlangoni kwa majina. Abuk alipoitwa kwa jina la shangazi yake, alijibu, "Niko." Alipanda, akapata dirisha. Agot alisimama chini akiuelekeza uso wake pale juu, kwa sababu huo ndio aliokuwa nao. Abuk alipunga, mkono umepotea ndani ya sweta, akapunga mpaka basi likakata kona.

Mlinzi wa lango akamgeukia Agot, akamwomba kibali.

Mwezi ule wakubwa walikuwa wametangaza kwamba wakimbizi walioko mjini warudi kambini, kwa hiyo gari la kuwarudisha lilikuwepo tayari. Safari hii Agot alipewa kiti chake mwenyewe, dirishani, wala hakuna aliyempima. Lodwar dereva alisimama dakika kumi watu wajisaidie, na askari aliyekuwa zamu akamsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Mikono ilikuwa bado ofisini. Ijumaa ndege ilikuwa imejaa vyuma vya wachimba mafuta. Kipkemboi alikuwa ameipa mikono kazi ya kufunga lebo kwenye mabegi, na ilifunga vizuri, fundo moja safi.

"Nilikuwa nimeizoea," alisema, akiitoa mezani kwa shingo upande. "Hii haina domo kama wafanyakazi wengine."

Lokeno aliikaza mikono siku hiyo hiyo Kakuma, wa kulia kama kulia, wa kushoto kinyume. Mguu aliutazama, akautikisa, akatema mate pembeni.

"Si nilisema?"

Aliuzungushia kipande cha tyubu kwenye meno yaliyolika ili usianguke. Akashauri asibebe mtungi upande huo.

Jumanne iliyofuata Agot aliitwa ofisini. Faili ya Nyandeng ilikuwa imefungwa Nairobi na nakala kurudishwa, na ndani yake ilikuwa ile fomu ya Chelangat, imejazwa yote, haina dole. Karani, binti wa mjini aitwaye Shiko, aliifurahia. Fomu nyingi humfikia nusunusu.

"Hii imebaki kidole tu, Mama Abuk. Leo uko nacho?"

"Ninacho."

"Haya."

Agot alichovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza. Alama ilitoka safi, mistari yote. Shiko akaipuliza, akagonga muhuri mara mbili, akachukua kadi ya Agot, akaandika chini ya jina lake: Abuk, binti, umri miaka tisa, Kakuma.

"Imeisha," alisema. "Sasa ni wako. Na kwa bahati hatukusimamisha chakula."

"Na yeye mwenyewe?"

Shiko aliitazama kadi, akaangalia nyuma pia, asije akawa ameruka mstari.

"Ameshaingia, mama. Huyu hapa."

Siku ya mgao Agot alipanga foleni tangu alfajiri, akihamisha uzito kwenye mguu wa kulia. Zamu yake ilipofika alionyesha kadi. Mpimaji alisoma, akasema kwa sauti, "Wawili," akachota unga, akamimina. Halafu akachota tena, akashikilia skupu hewani, akangoja.

Agot alifungua mfuko wa pili.